Msituambie "Tulia"

Ndugu msomaji, wewe wa kambini na wewe wa ofisini mwenye kitambulisho shingoni, naomba dakika zako kumi. Nataka kugombana na neno moja. Neno lenyewe ni "tulia".

Nitaanza na gemu ya simu, kwa sababu hapo ndipo nilipolichukia neno hili. Hapa Bwera, kwenye barabara inayoshuka Mpondwe, kuna kibanda cha kuchaji simu. Ndani kuna mabenchi mawili, ubao wenye soketi nyingi, na vijana. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, kinajaa: wa Kasindi waliovuka asubuhi, Wakonzo wa hapa, na sisi wakimbizi tuliopokelewa na ndugu. Pale kwa sasa watu wanacheza gofu. Ndiyo, gofu. Wengi wetu uwanja wake tumeuona mara moja tu, ule wa Fort Portal, kupitia dirisha la gari tukipelekwa Rwamwanja. Majani yamekatwa kama nywele za bwana harusi, na hakuna mbuzi hata mmoja.

Gemu yenyewe inaitwa Golf Clash, ilitoka mwaka 2017, imetengenezwa Uingereza. Unapambana na mtu mmoja kwenye shimo moja. Wote mnaweka sarafu za gemu, mshindi anazoa zote. Unavuta mpira kwa kidole, mshale unaanza kuyumba, na lazima uachie pale unapopita katikati. Ukiwahi au ukichelewa kidogo tu, mpira unakwenda porini. Kuna upepo wenye namba yake, lazima uuhesabu. Kuna saa inayokula sekunde zako. Na mpinzani wako, ambaye hujui kama yuko Kampala au Manila, anakutumia vikatuni vya kukucheka ukikosea.

Ongeza na vya kwetu. Mpakani simu haina msimamo: mara imeshika mtandao wa Uganda, mara imeruka ng'ambo kushika wa Congo, na ikiruka katikati ya pigo, umepotea. Bando nalo, tangu Julai 2021, limebeba kodi ya asilimia 12. Kila mpira unaopiga una bei.

Sasa sikiliza.

Mdogo wangu ndiye bingwa wa kibanda kile. Ana miaka kumi na tisa. Siku moja ya Alhamisi jioni ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama: Jumatatu asubuhi kuna uhakiki kambini, kila mtu aliye kwenye listi ya familia afike mwenyewe. Sisi tuko Bwera, tunauza vitu vidogo vidogo sokoni. Kwa yeye na Mama nauli ilikuwa shilingi 40,000. Alikuwa na 30,000.

Ijumaa kibandani walikuwa wanawekeana fedha. Watu wanne, kila mmoja 10,000, kila mmoja acheze mechi tano na wageni wa mtandaoni, mwenye ushindi mwingi achukue zote. Mdogo wangu aliweka. Hakuweka kwa tamaa, aliweka kwa hesabu: nikishinda, nauli imetimia na chai ya njiani iko.

Alishinda mbili. Ya tatu mtandao uliruka. Ya nne alishinda. Ya tano ndiyo ilikuwa ya kuamua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mimi, mkubwa wake, mwenye busara zote, nikaanza kumwambia, "Tulia. Tulia, mudogo wangu. Tulia."

Akanijibu bila kugeuka, "Yaya, mimi siko na woga. Kidole ndiyo iko na woga."

Akachelewa kuachia. Mpira ukaingia majini. Basi akaweka 10,000 nyingine ili airudishe ile ya kwanza, na mnajua mwisho wa hadithi kama hiyo. Nilikuja kukopa kwa mama mmoja anayeuza chumvi ya Katwe, tukafika kambini Jumatano. Meza ilikuwa imeshaondolewa. Majina yetu yalilala miezi mitatu.

Wiki chache baada ya hapo tuliitwa kwenye semina ya vijana. Mwezeshaji, mtu mpole kabisa, akachora mti wa hasira kwenye karatasi kubwa. Akasema vijana wakimbizi tuna shida ya kudhibiti hisia. Akasema presha ikija, vuta pumzi, hesabu mpaka kumi, tulia. Tukapewa soda. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, anaangalia miguu yake.

Simchukii yule mwezeshaji. Alitumwa na somo, akalifundisha. Ugomvi wangu ni na somo lenyewe. Linasema utulivu unakaa ndani ya moyo wa mtu, na asiyekuwa nao ana kasoro moyoni. Mimi nasema huo ni uongo, na kile kibanda kilinionyesha.

Keshoyake asubuhi, Jumamosi, mdogo wangu alicheza tena, kwa sarafu za gemu tu, kwenye ngazi ya chini kabisa, hakuna shilingi hata moja. Katikati, katikati, katikati. Kidole ni kile kile. Moyo ni ule ule, tena umevunjika zaidi kuliko jana yake. Tofauti ni mzigo. Ijumaa kidole kilikuwa kimebeba nauli ya Mama. Jumamosi kilikuwa kimebeba mpira wa kwenye kioo.

Najua mtaniambia: mbona hata matajiri wanatetemeka? Kweli. Mwaka 1999 kule Carnoustie, Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la The Open akiwa mbele kwa mapigo matatu. Hata angetumia mapigo sita angeshinda. Alitumia saba, mpira ukiingia kwenye kijito, naye akivua viatu na kuingia majini kuuangalia, dunia nzima ikitazama. Akashindwa katika mchezo wa ziada. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini aliianza siku ya mwisho ya Masters ya 2011 akiongoza kwa mapigo manne, akamaliza na mapigo 80, aibu tupu. Watu hao hawakulala njaa. Walikuwa na walimu na madaktari. Na bado mkono uliwakataa.

Lakini angalieni kilichofuata, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. McIlroy alianguka Aprili 2011. Juni ya mwaka huo huo akaingia US Open, akashinda. Na Masters yenyewe iliyomuaibisha aliishinda mwaka 2025, tena baada ya kukosa pigo fupi ambalo lingeimaliza mapema. Alikosa, akaenda kwenye mchezo wa ziada, akashinda. Miaka kumi na minne aliruhusiwa kurudi. Hakuna aliyemwambia: ulikosa Aprili, jina lako limetoka.

Kwa hiyo presha inamtikisa kila mtu, tajiri na maskini. Swali ni ukikosa, kinachofuata ni nini. Mwenye pigo lingine mbele yake anaweza kujifunza kutulia, kwa sababu kila kosa linamfundisha. Asiye nalo hajifunzi kitu. Anatetemeka tu, mara moja, na imeisha.

Nina mfano wa hapa hapa, si wa Uskoti. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Congo. Mtoto wa miaka mitano alithibitishwa kuwa nayo, akafia katika hospitali yetu ya Bwera, na bibi yake akamfuata. Waliokuwa hapa wanakumbuka hofu ya siku zile, jinsi watu walivyoacha kusalimiana kwa mikono. Lakini ugonjwa haukuenea Kasese. Manesi wa Bwera walifanya kazi yao wakiwa wametulia. Je, walizaliwa na mioyo ya chuma? Hapana. Tangu Agosti 2018, Congo ilipotangaza mlipuko ule wa Kivu ya Kaskazini, huku maandalizi yalianza: watu wanapimwa joto mpakani, maji ya kunawa yapo, sehemu ya kutenga wagonjwa ipo, na wahudumu wa afya zaidi ya 4,000 nchini walikuwa wameshachanjwa kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Ule utulivu ulitengenezwa mapema, kwa fedha, kwa mazoezi, kwa watu kupewa taarifa kwa wakati. Hakuna aliyewaambia manesi "hesabu mpaka kumi" halafu akawapeleka wodini mikono mitupu.

Basi kwa nini sisi tupewe kuhesabu mpaka kumi peke yake?

Nisije nikaonekana namtetea mdogo wangu kwa kila kitu. Vijana wenzangu, na ninyi nina neno lenu. Hakuna aliyetulazimisha kuweka shilingi mezani. Wachezaji wazuri wa gemu hii wana sheria, na sheria zao ni nzuri kuliko semina nyingi nilizokaa. Usiingie ngazi ambayo ukishindwa mara moja mfuko umekauka. Kabla ya kila pigo fanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: angalia upepo, hesabu, weka alama, pumua nje, vuta, achia. Mwili ukishazoea mpangilio, hofu inakosa mahali pa kukaa. Mpinzani akikutumia vikatuni vya dharau, zima vikatuni, gemu inaruhusu. Ukipoteza mbili mfululizo, weka simu chini, toka nje, kanunue hata muhogo. Usicheze ili kurudisha. Anayecheza ili kurudisha ameshapoteza, anachongoja ni tarehe tu.

Na fedha ya nauli, ya dawa, ya chakula, isiguse kibanda. Wazee walisema akiba haiozi. Mimi naongeza: akiba ndiyo inayotuliza mkono.

Wazazi nao waache kusema gemu ni ya wavivu. Kijana anayekaa nusu saa akihesabu upepo, akikubali kosa lake na kujaribu tena, huyo anajifunza kitu ambacho hapa hatufundishwi popote: kwamba kukosa si mwisho. Mkinyang'anya simu, mmenyang'anya na hicho.

Sasa nageuka kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Najua wengi wenu mnatupenda, na wengine mmekula nasi. Najua pia mifuko yenu imepungua. Mei 2025 karibu wakimbizi milioni moja hapa Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu fedha za wafadhili zilikosekana. Sikulaumu wewe mwenye kishikwambi kwa uamuzi wa mji ambao hata wewe hujaufika. Lakini chakula kikipungua, kosa dogo linakuwa kubwa. Familia iliyokuwa na gunia inaweza kukosa siku moja ya listi. Familia iliyobaki na kikombe haiwezi. Kwa hiyo wakati huu wa njaa ndio wakati wa kutupa nafasi zaidi ya kukosea, na mimi naona nafasi zinazidi kubanwa.

Mambo ninayotaka hayahitaji mfadhili mpya. Tarehe ya uhakiki itangazwe wiki mbili kabla, si siku nne. Kuwe na siku ya pili kwa waliokosa ya kwanza, na itangazwe pamoja na ile ya kwanza ili watu wajue ipo. Ujumbe uje kwa Kiswahili na kwa lugha ambayo Mama anaisoma. Jina likikwama, mtu aambiwe litafunguliwa lini na nani. Hayo manne yakifanyika, mtaona vijana walivyo na "udhibiti wa hisia". Mtashangaa wenyewe.

Na mkija tena na karatasi ya mti wa hasira, njooni, tutakaa, tutachora. Kuvuta pumzi kunasaidia, hata kwenye gofu kunasaidia. Lakini msituambie kwamba hatujui presha. Sisi tumevuka Mpondwe usiku na watoto mgongoni. Majirani zetu wa Lhubiriha walizika wanafunzi wao baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Watu hawa wanaamka, wanafungua duka, wanapanga foleni, wananyamaza. Ukimya wao msiuite utulivu, na siku kidole kimoja kikitetemeka msikiite ugonjwa.

Mdogo wangu bado anacheza. Siku hizi anacheza ngazi ya chini, kwa sarafu za gemu, na anapanda polepole. Mimi bado nasimama nyuma yake, maana benchi limejaa. Neno lile nimeliacha. Kabla hajaanza namuuliza jambo moja tu: "Ukipoteza hii, nini itabakia?"

Akinijibu "mingi iko, Yaya", ninanyamaza, namwacha apige.