Neno Dogo "Tu"

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo ninalolisikia karibu kila siku ya kliniki. Mama amekuja na mtoto wa kupima uzito, ninajaza kadi, ninamwuliza, "Kazi yako, mama?" Ananijibu, "Sina kazi, nesi. Nipo nyumbani tu."

Mama huyo ameamka alfajiri, amechota maji, amepika, na viganja vyake vina sugu ya jembe. Huku Malolo, kama ilivyo vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea, ni nani anayepalilia ufuta? Ni nani anayeinama kutwa nzima kuokota korosho? Mimi huandika "mkulima", naye hucheka kana kwamba nimemtania.

Akina mama wenzangu, hilo "tu" si la kuchekea. Mtu anayejihesabu kuwa si kitu huona chakula anacholima mwenyewe kuwa ni fadhila ya bwana, na kofi kuwa ni gharama ya fadhila hiyo.

Sisi wauguzi wa huku tunaijua kalenda ya jambo hili. Minada ya ufuta ikipita, halafu ya korosho kuanzia Oktoba, fedha huingia. Nyumba nyingi, namshukuru Mungu, hununua bati na sare za shule. Lakini zipo nyumba ambazo bwana hupotea siku tatu na kurudi mikono mitupu. Mama akiuliza, anapigwa. Anakuja zahanati jicho limevimba, anasema amejigonga mlangoni. (Milango ya huku ina makosa mengi sana!) Wiki ya pili bwana anaomba radhi, pengine analia kweli, anamletea kitenge. Mama anakishona, anakivaa Jumapili, tunamsifia. Amani inakaa mpaka mnada mwingine.

Ukitazama tukio moja, utasema ni hasira za siku moja. Yaweke matatu pamoja, dada yangu, uone kama hayafuatani kwa mpangilio uleule: fedha, swali, kipigo, kitenge. Kile kitenge nacho kimo ndani ya mzunguko, kwa maana ndicho kinachokurudisha mwanzo bila kitu chochote kubadilika.

Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hilo linasikitisha, lakini lililonikosesha usingizi ni jingine. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kumjibu au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walau sababu moja walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58! Sisi wenyewe tumewazidi wanaume kwa kujihukumu. Tulifundishwa na kungwi, tukafundishwa na shangazi, na hata kanisani wapo wanaomsomea mama ule mstari wa utii katika Waefeso sura ya 5 wakafunga kitabu kabla ya kufika maneno aliyoandikiwa mume, ambayo ni mengi zaidi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Na kuhusu lile neno "tu", yupo mama aitwaye Bi Hawa Mohamed, aliyeachana na mumewe, Ally Sefu. Mahakama ya Mwanzo ilimnyima sehemu ya nyumba kwa hoja kwamba alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama iliona ametapanya fedha za mradi alizopewa na mumewe. Lakini wanawake waliofuata wamesimama juu ya hukumu ile.

Sasa ufanye nini? Sikuambii ufungashe leo. Zungumza naye wakati nyumba imetulia, kabla ya msimu, si siku amelewa. Akikataa, mwite mzee anayemheshimu, au nendeni baraza la usuluhishi la ndoa. Kama umekabwa shingo, umetishiwa panga, au unapigwa ukiwa mjamzito, usingoje mazungumzo. Mwambie nesi ukweli, chukua PF3 polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiamua kuondoka usimtangazie, kwa sababu hapo ndipo wengine huumizwa zaidi. Vyeti vya watoto na kadi ya kliniki viwe vimetangulia kwa ndugu unayemwamini.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi hulidharau. Nenda kwenye chama cha msingi uulize shamba unalolima limeandikishwa kwa jina la nani, na fedha ya mnada inaingia akaunti ya nani. Sheria ileile ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kama ni shamba ulilorithi kwa mama yako, liandikishe kwa jina lako na ufungue akaunti. Kama ni la wote wawili, ombeni majina yote mawili yaandikwe. Nenda mapema, kabla foleni ya msimu haijaanza.