Mafundi wetu wasilale tena chini ya jeki

Atembeaye Eastleigh asubuhi, katika vichochoro vilivyo nyuma ya Barabara ya Kwanza, hakosi kuona miguu ya watu ikichomoza chini ya magari. Wenye miguu hiyo wamelalia maboksi yaliyokunjuliwa, na juu ya vifua vyao imening'inia tani nzima ya chuma. Kinachoizuia isiwaangukie ni jeki moja na jiwe la kujengea. Sisi tufikao hapo kwa matatu za nambari 6 na 9 tumelizoea jambo hilo hata halitushtui tena.

Mimi lilinishtua mwaka jana, wakati wa masika. Ardhi ilikuwa imelowa chepechepe, kitako cha jeki kikazama upande mmoja, na gari likashuka kwa kishindo. Kilichomwokoa kijana aliyekuwa chini yake ni gurudumu lililokuwa limefunguliwa, ambalo alikuwa amelisukumia chini ya ubavu wa gari kama alivyofunzwa na fundi wake. Gari lilililalia gurudumu hilo, naye akatolewa na mkono uliovunjika mahali pawili. Kijana huyo nilimfundisha fizikia. Nilipokwenda kumjulia hali alinitazama akatabasamu kwa taabu, akasema, "Mwalimu, ile kanuni ya Pascal bado naikumbuka yote."

Sikuwa na la kumjibu. Naam, aliikumbuka, kwa kuwa mimi ndimi niliyemkaririsha. Katika Kidato cha Kwanza tulichora ubaoni silinda mbili zilizounganishwa na kujazwa mafuta, pistoni ya moja ikiwa na eneo la sentimita 1 ya mraba na ya pili sentimita 50 za mraba. Uzito wa kilo 20 ukikandamiza pistoni ndogo, ile kubwa huinua kilo 1,000. Wanafunzi walifurahi, wakaliona kama muujiza. Nikawaeleza kwamba hakuna cha bure: pistoni ndogo husafiri sentimita 50 ili kubwa ipande sentimita 1 tu. Hapo kengele ikalia, tukaenda zetu. Sikuwaambia kwamba mafuta hayo yanazuiliwa na ringi ya mpira, kwamba mpira huchakaa, na kwamba ukipasuka uzito wote hurudi chini bila kumwuliza mtu. Nilifundisha namna jeki inavyopandisha. Kushuka kwake sikukugusia.

Nilisadifu baadaye kualikwa na jirani yangu, mzee mmoja mfanyabiashara, kutazama kifaa alichokuwa ameagiza kutoka ng'ambo. Aliniita, "Karibu, mwalimu, uone maajabu." Katika maegesho ya jumba lake alikuwa ametandaza fremu mbili za chuma, ndefu na bapa, kila moja mtu mzima mwenye nguvu aweza kuiburura peke yake. Alizisukuma chini ya gari, moja kila upande, akaweka vipande vya mpira mahali hasa ambapo mwenye kuliunda gari ameelekeza linyanyuliwe, akaunganisha mipira ya mafuta na pampu ndogo ya umeme. Kabla ya kulipandisha juu alilinyanyua kidogo tu, kiasi cha magurudumu kuachana na sakafu, akalitikisa kuona kama limetulia. Kisha likapanda kama nusu mita.

Wengi wangedhani kazi imekwisha hapo. La hasha! Mzee alibonyeza tena, gari likashuka kidogo, na nikasikia mlio wa chuma kikikaa juu ya chuma. Vizuizi vya fremu vilikuwa vimeupokea mzigo. Umeme ukikatika, na sisi wa Eastlands twajua unavyokatika, au mpira wa mafuta ukipasuka, gari halitaanguka, maadamu vizuizi vimekaa sawasawa, fremu hazijabebeshwa kupita kiasi na sakafu ni ngumu tena sawa. Mafuta yamefanya kazi ya kuinua. Kazi ya kushikilia imeachiwa chuma. Somo hilo sikuwahi kulifundisha katika miaka yangu yote ya chaki.

Nilimpongeza mzee, lakini nilirudi nyumbani na fundo moyoni. Lifti ile hutumika Jumapili, mwenyewe anapotaka kubadilisha oili au kutazama breki. Siku sita imeegemezwa ukutani. Hatua chache kutoka pale, vijana wanaolala chini ya magari kutoka asubuhi hadi magharibi hawana hata stendi mbili za chuma. Simlaumu mzee, ni mali yake na ameitumia kwa hekima kuliko wengi. Ninachouliza ni kwa nini kifaa hiki kinafikiriwa kuwa cha mwenye gereji ya nyumbani, ilhali umbo lake lote lamfaa fundi asiye na gereji.

Fikiria, ndugu msomaji. Lifti kubwa ya nguzo mbili hufungwa kwa bolti katika zege nene, nayo huhitaji paa refu. Nani atafunga bolti katika kiwanja ambacho kesho aweza kufukuzwa? Lifti ya kubebeka hukunjwa jioni ikafungiwa ndani, na kikundi kikihamishwa huhama nayo.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipoiandikia Kenya ripoti juu ya ajira, liliwasifu hawa wenye kazi ndogondogo zisizosajiliwa. Serikali nayo, katika waraka wake Nambari 1 wa mwaka 1986, ikaahidi kuwainua, na mabanda yaliyoitwa ya Nyayo yakajengwa ili kuwakinga mafundi na jua. Wazo lilikuwa jema. Lakini kwa fundi wa magari jua halikuwa kamwe adui mkubwa. Adui alikuwa juu ya kifua chake, na huyo hakujengewa kitu. Tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1951, nayo inataka vifaa vya kuinulia mizigo vikaguliwe. Kiwandani huenda mkaguzi hupita. Katika vichochoro vyetu sijamwona.

Najua nitaambiwa kwamba bei ya lifti ni ya kumtoa fundi jasho. Ni kweli kwa mmoja. Lakini vijana hao hao wana vyama vya kuchangiana kila wiki, na vyama hivyo vimewanunulia wengine pikipiki. Watu kumi wakishika lifti moja kwa zamu, mzigo hupungua. Pingamizi nzito zaidi ni ardhi. Kifaa hiki juu ya matope ni hatari kama jeki, na hapo mafundi hawajiwezi. Kaunti ya Jiji ingemwaga sakafu ya zege mahali pachache tu palipotengwa, ingekuwa imefanya zaidi ya mabanda mengi.

Nasi walimu tuna letu. Mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi ya ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, unadai mwanafunzi atende, si akariri. Basi na tuwapeleke wanafunzi gereji, wamuulize fundi ni nini kinachozuia gari lisianguke, wakague ringi ya mpira iliyochakaa kwa vidole vyao. Mwanafunzi asiyeweza kuonyesha mahali uzito unapokaa asipewe alama, hata akiandika kanuni bila kosa.

Kijana wangu amekwisha kurudi kazini. Mkono haunyooki vizuri, na bado husukumia gurudumu chini ya ubavu wa gari kabla ya kulala. Nimekwenda kwa mzee kumwomba aikodishe lifti yake siku za kazi. Amekubali, kwa sharti kwamba tupate sakafu ngumu ya kuiweka. Nimezunguka wiki tatu sasa nikitafuta sakafu hiyo, na sijaipata.