Walimu Tarajali Tufundishwe Kufungua Kompyuta

Sisi wa Elimu tuna kozi ya TEHAMA katika ufundishaji, na wote tunajua inavyokwenda. Unapewa desa, unakariri vifaa vya kuingizia taarifa na vya kutolea, unajibu UE, unasahau. Spika ni kifaa cha kutolea, alama zako umepata. Sasa nenda BTP ukute hiyo spika haitoi kitu, ndo utajua ulisoma nini.

Nasema hivi: mwalimu tarajali asiyeweza kutafuta hitilafu kwenye kompyuta ya zamani hajaandaliwa kwa shule anayopelekwa. Na serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulidai hili kitivoni kabla ya BTP ijayo.

Nitoe mfano. Shule niliyopangiwa mwaka jana ina chumba cha kompyuta za msaada, nyingi za enzi za Windows 7. Moja tu ndiyo ina spika kubwa, na Kidato cha Pili huitumia kwa mazoezi ya kusikiliza ya Kiingereza. Sauti yake ya ndani, ile inayokuja na madabodi, ilikufa. Shule ikanunua kadi ya sauti ya mtumba, ikafungwa, kimya. Akaitwa fundi. Akaitazama kama robo saa, akachukua hela yake, akasema madabodi imekufa, nunueni kompyuta nyingine. Ikaandikiwa kwenda stoo. Madam wa Kiingereza ndiye aliyenifuata: "Mwalimu, nyie wa chuo, hebu itazameni kabla haijabebwa."

Tukakaa nayo, mimi na mwenzangu wa Fizikia. Kwanza tulichomoa waya wa umeme kabisa, maana kompyuta ya mezani hata ikizimwa bado madabodi inapata umeme kidogo. Tukagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze chipu. Tukaangalia tundu. Kadi ilikuwa ya PCI, aina ya zamani, na imekaa kwenye tundu la PCI, sawa. Hili msilidharau: PCI Express ni kitu kingine, tundu lake lina umbo tofauti na kadi haziingiliani. Ukienda Kariakoo bila kujua kompyuta yako ina tundu gani, utarudi na pambo la mezani. Tukaichomoa kadi, tukaisafisha meno, tukaikandamiza mpaka ikakaa, tukafunga skrubu.

Hapa ndipo watu huanza kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kisha hawajui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Sisi tulijiuliza swali moja tu: tatizo ni la chuma au la programu? Tukaiwasha kompyuta kwa Ubuntu ya zamani kutoka kwenye flashi, bila kuigusa Windows iliyomo. Tukachomeka hedifoni kwenye kadi. Sauti ikatoka.

Jibu hilo peke yake lilifuta maneno ya fundi. Kadi nzima, tundu zima, madabodi inafanya kazi. Na wakati wa kuchomeka hedifoni tuliona jambo jingine. Nyuma ya kasha kuna matundu mawili ya kijani, la madabodi na la kadi. Waya wa spika ulikuwa bado kwenye lile la madabodi, njia iliyokufa. Tangu kadi ifungwe hakuna aliyeuhamisha.

Tukauhamisha, tukawasha Windows, bado kimya. Kwenye orodha ya vifaa kadi ilikuwa na alama ya njano. CD iliyokuja nayo ilikuwa na draiva za Windows 98 na XP tu. Tukasoma namba ya utambulisho wa kadi: VEN_13F6, DEV_0111. Inaonekana kama uchawi, ila ni kama namba yako ya usajili chuoni: sehemu ya kwanza inamtaja mtengenezaji, ya pili inataja chipu. Hiyo ni C-Media CMI8738, chipu ya kadi nyingi za bei rahisi. Tukatafuta draiva yake ya Windows 7 ya biti 32 kama mfumo ulivyokuwa, maana Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 na ya 32 haipokei ya 64. Tukaingia BIOS tukazima sauti ya madabodi ili Windows isiichague tena. Spika ikaongea, na Madam akapata kipindi chake.

Oneni sasa: hitilafu zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Ukihamisha waya bila draiva, kimya. Ukiweka draiva bila kuhamisha waya, kimya. Kila aliyejaribu moja aliona mashine imekufa. Na kwenye kozi ya upimaji tunaambiwa mtoto akikosa hesabu za sehemu usimwandikie "dhaifu", tafuta hatua aliyokwama. Mashine tunaiandikia "dhaifu" asubuhi na mapema.

Kuna atakayesema mbona kuna vile vidude vya sauti vya USB, au simu na spika ya blututhi. Sibishi. Kadi ingegoma kabisa ningeshauri kidude cha USB, kwa kawaida Windows inakitambua yenyewe. Ila stoo ile haina mashine zilizokosa sauti tu. Na simu ya mwalimu ni ya mwalimu, akihamishwa anaondoka nayo.

Ninachotaka si kozi mpya. Ni saa 2 kwa wiki ndani ya kozi iliyopo, na kompyuta chache kati ya zile zinazopigwa vumbi chuoni zikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu. Mhadhiri aweke hitilafu kwa makusudi: alegeze remu, azime sauti kwenye BIOS, ahamishe waya. Vikundi vitafute. Alama zitolewe kwa karatasi inayoonyesha kikundi kilibadilisha nini, kwa mpangilio gani, na kwa nini, hata kama mashine haikuwaka.

Waziri wetu wa elimu alipeleke hili kwenye kikao cha kitivo. Bisibisi mbili na flashi yenye Ubuntu ninazo hosteli, za kuanzia.