Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, watu wazima nao wafundishwe kuelea

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwenye mialo ya Ukerewe, mtoto hujitupa majini akaibuka mbali, anacheka. Mama yake husimama pale maji yanapoishia magotini, akimkemea arudi. Hajui kuogelea. Utotoni alikatazwa ziwa kwa hofu ya mamba na kichocho. Leo mtumbwi ndio njia yake ya kupeleka dagaa sokoni.

Barua hii inamhusu yeye.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Waliokufa walizidi 220. Tangu hapo yamesemwa mengi juu ya vyombo, ukaguzi na idadi ya abiria. Mwaka 2025 likafunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi juu ya ziwa, jambo la kushukuriwa, ila haliendi Ukara. Abiria mwenyewe amebaki vilevile: anapanda hajui kuelea, anashuka hajui kuelea.

Kweli, aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka haokolewi na kuogelea tu. Lakini ziwa halichukui watu kwa meli peke yake. Mvuvi akiteleza usiku, hakuna atakayetangaza.

Mtu mzima hujifunza kwa shida yake mwenyewe. Mtoto huamini maji, mkubwa hubishana nayo. Hukaza shingo, huinua kichwa atafute hewa, na kichwa kikipanda miguu huzama. Kwa hiyo mwalimu mzuri haanzi na mikono. Huanza na pumzi: uso ndani ya maji, kutoa hewa taratibu puani mpaka mapovu yatoke, kisha kulala chali masikio yakiwa majini. Mapafu yaliyojaa hewa ni boya. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kumbeba mtu kama ya bahari, ndiyo maana somo hili la kulala chali lisiharakishwe.

Wanaosema umri umepita wamkumbuke Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alianza kujifunza miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, katika bwawa dogo la hoteli. Akiwa na miaka 22 aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, mwishoni akijikokota, na akafika. Baadaye akawa kocha nchini kwake.

Na wanaosema wanawake hawatakuja watazame Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili wote, huku madumu matupu ya plastiki yakiwasaidia kuelea.

Ombi lenyewe si kubwa. Zipatikane saa mbili kwa wiki katika bwawa lililopo jijini, lenye maji yaliyotiwa dawa, maana kuwaingiza wanaoanza kwenye maji ya kichocho ni kuwaponya huku na kuwaumiza kule. Zamu ya wanawake iwe na mwalimu mwanamke. Waanze wachuuzi wa dagaa na vibarua wa mialoni, bila ada, na somo la mwisho lifanyike wakiwa na nguo zao za kazini, kwa sababu hakuna anayeanguka ziwani akiwa amejiandaa kuogelea.