Majina ya Vituo Yasiwapoteze Abiria

Mwalimu anayehamishiwa Mbagala kutoka mkoani hupewa na wenyeji wake maelekezo mafupi: "Panda gari la Mbagala, ushuke Mbagala." Maelekezo hayo hutolewa kwa nia njema kabisa, lakini hayamfikishi popote. Iko Mbagala Misheni, iko Mbagala Zakhem, iko Mbagala Kizuiani, iko Mbagala Rangi Tatu. Na kando ya barabara ya Kilwa iko Mbagala Kuu, ambayo ni kata mbali na kata iitwayo Mbagala tu. Mgeni anayeshuka penye jina la kwanza alilolisikia hana budi kupanda gari jingine au kukodi pikipiki, huku barua yake ya kuripoti kazini ikiloa jasho mfukoni.

Lawama haiwaangukii wakazi. Wao husema "Rangi Tatu" au "Zakhem" bila kutaja Mbagala, na wakaelewana. Utata huletwa na waandikao vibao, barua na matangazo, ambao huliweka mbele jina lililo la wote na kulisukuma nyuma lile linalotofautisha. Nafasi ikikosekana, la nyuma ndilo linalokatwa.

Zamani kosa hilo lilisameheka. Abiria wa daladala aliyezinduka aligonga bati, akapiga kelele "Shusha!", na gari likasimama. Lakini barabara ya Kilwa sasa imejengewa njia ya mabasi yaendayo haraka, awamu ya pili, yenye urefu wa kilometa 20.3 pamoja na matawi yake. Basi la namna hiyo halisimami ila kituoni. Anayelisikia jina vibaya huchukuliwa hadi kituo kinachofuata.

Reli nayo ina mkasa wake, tena mzito zaidi. Mtu wa Mbagala anayeagizwa "stesheni" kumpokea mgeni hana budi kuuliza: stesheni ipi? Ipo ile ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, yenye upana wa milimita 1,000. Ipo ya TAZARA katika barabara ya Nyerere, ya reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye milimita 1,067. Na ipo ya reli ya kisasa, yenye milimita 1,435, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro mwezi Juni 2024. Reli hizo tatu haziwezi kupokeana hata behewa moja, ila neno "stesheni" zinagawana bila ugomvi. Huko Morogoro kwenyewe stesheni ya zamani iko mjini na mpya iko Kihonda. Tiketi inayosema "Morogoro" haimwambii mpokeaji asimame wapi.

Wenzetu wa TAZARA waliliona jambo hili mapema. Reli yao ilipofika Zambia, katika mji uliokwisha kuwa na stesheni ya Kapiri Mposhi, mwisho wa njia uliitwa New Kapiri Mposhi. Si jina lenye ubunifu mkubwa, lakini linatosha kumzuia msafiri asiende mahali pasipo treni yake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la Jeshi Mbagala Kuu, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na watoto wengi walitengana na wazazi wao. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa siku kama ile kwao ni wapi, naye akajibu "Mbagala", atakuwa amesema kweli tupu, na aliyemwokota hatajua ampeleke wapi. Dereva wa gari la wagonjwa au la zimamoto akipewa jibu hilo hilo atakwama vile vile.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Ni ajabu kazi hiyo iishie mlangoni mwa nyumba na isifike kituoni. Manispaa ya Temeke, wakala wa mabasi yaendayo haraka, mamlaka ya usafiri wa ardhini na Shirika la Reli wanaweza kukaa meza moja na kukubaliana kwamba neno linalotofautisha liandikwe kwanza na kwa herufi kubwa, na kwamba kituo kipya kisipewe jina tupu la kile cha zamani. Majina yenyewe yachukuliwe kwa wananchi. Jina kama Kizuiani limebeba habari ya mahali ndani yake. Jina linalotungwa ofisini husubiri miaka mingi kabla kondakta hajakubali kulitamka.

Wakati vikao hivyo vinasubiriwa, afisa elimu anayeandika barua ya uhamisho hahitaji fungu lolote la bajeti kuongeza mstari mmoja chini ya jina la shule: kituo cha kushukia.