Mstaafu asilipe kodi mara mbili juu ya pesa ile ile

Wakongomani wengi kutoka Kivu, Ituri na Tanganyika wanaishi leo Marekani, na wengine kati yao wanafikia umri wa pensheni. Pesa hiyo hailishi mzee peke yake. Sehemu yake inafika Bukavu, Uvira ao Bunia kulipa minerval ya watoto na dawa za mgonjwa. Ndiyo maana kosa katika hesabu ya kodi linaumiza nyumba mbili kwa pamoja.

Kosa lenyewe ni hili: mzee anatangaza pensheni yote ya kazi kuwa mapato ya kulipiwa kodi. Lakini kama alichangia mfuko wa pensheni kwa pesa ya mshahara iliyokwisha kukatwa kodi, sehemu hiyo ni mali yake inayomrudilia. Haipaswi kukatwa tena. Kinacholipiwa kodi ni kile kilichotiwa na mwajiri, pamoja na faida.

Hesabu si ngumu. Kwa pensheni ya mtu mmoja, chukua jumla ya michango hiyo, uigawanye kwa miezi iliyopangwa na sheria ya Marekani kufuatana na umri wake siku pensheni ilipoanza: 360 kwa miaka 55 na chini, 310 kwa 56 hadi 60, 260 kwa 61 hadi 65, 210 kwa 66 hadi 70, na 160 kwa waliozidi hapo. Pensheni inayoendelea kwa mjane ina orodha yake, inayojumlisha umri wa mume na mke.

Tuseme mama ameanza pensheni na miaka 64, na alichangia dola 26 000. Ukigawanya kwa 260, unapata dola 100. Akipokea dola 1 000 kwa mwezi, kodi inahesabiwa juu ya 900 tu. Kwa mwaka, dola 1 200 zinapona. Siku atakapokuwa amerudishiwa zote 26 000, pensheni nzima itaanza kulipiwa kodi. Social Security ina hesabu yake, zisichanganywe.

Shida ni kwamba karatasi 1099-R, ambayo mlipaji anatuma kila mwaka, mara ingine inasema tu kwamba kiasi cha kulipiwa kodi hakikujulikana. Kumwachia mzee asiyesoma Kiingereza kazi hiyo si haki. Mfuko wenye daftari za michango ungefaa kumalizia hesabu wenyewe. Kwa sasa, watoto waliosomea huko waketi na wazazi wao, waulize mfuko jumla ya michango, mbele ya kutuma tangazo la kodi.

Hapa kwetu njia ni ingine: mchango wa mfanyakazi wa 5% kwa CNSS unaondolewa mbele ya kuhesabu kodi ya mshahara. Lakini somo ni moja. Bila karatasi, hakuna anayeweza kuonyesha alichangia nini, wala pesa gani ilikwisha kupita kwenye kodi. Vita na kukimbia vimepoteza karatasi za mishahara za watu wengi. Waajiri wazitoe kila mwezi bila kuombwa, na kila mfanyakazi apige picha yake na kuituma kwa ndugu anayemtumainia. Haki ya uzee inatunzwa mtu angali kazini.