Usianze na Turbo

Wasee, kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza kwa inboksi: "Buda, kujenga Supra ya farasi 1000 inaweza kula pesa ngapi?" Hakuna hata mmoja ameniuliza hiyo gari itasimama aje. Shida yetu iko hapo, na leo nitaisema hata kama mtanikasirikia.

Kwanza heshima kwa gari. Supra A80, ile ilianza 1993 ikaisha 2002, si mchezo. Injini yake ya 2JZ-GTE ni lita 3, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, bloku ya chuma kizito, na turbo mbili zinazopokezana. Ya kwanza inafanya kazi peke yake mizunguko ikiwa chini, halafu karibu 4000 ya pili inaingia na unasukumwa kwa kiti. Japani iliuzwa ikiandikwa farasi 280, juu watengenezaji wa huko walikuwa wameelewana wasitangaze zaidi ya hapo. Ile ya Marekani iliandikwa 320.

Sasa sikia venye mambo iko. Ukitaka 1000, hizo turbo mbili unazipenda ndizo hutoka kwanza. Wajenzi wengi wanazitoa na kuweka moja kubwa. Zile za toleo la Japani ziko na gurudumu la kauri upande wa moshi, na ukizidisha presha linaweza kupasuka. Kwa hivyo ile "twin turbo" unajivunia inaishia kwa shelfu.

Na kununua turbo kubwa ndiyo sehemu rahisi. Turbo inasukuma hewa tu. Hewa ikizidi, lazima mafuta pia yazidi, ama moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi na pistoni ndiyo inalipa. Unahitaji injekta kubwa, pampu ya mafuta yenye nguvu, kompyuta ya injini ya kupangwa upya, na fundi mwenye subira ya kuipanga. Unahitaji pistoni na rodi zilizofuliwa. Kisha kipoza hewa, radieta, klachi, giaboksi, tairi, breki. Bloku ya 2JZ itavumilia. Vitu vinavyoizunguka ndivyo vitakuaibisha.

Najuaje? Si kwa Supra. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hizo A80 chache mnaona Kenya ziliingia kitambo, na bei zake si za watu kama mimi. Mimi nilikuwa na Subaru Legacy B4 mzee. Nayo iko na turbo mbili zinazopokezana, kwa hivyo nikajiona niko ligi moja na wao.

Nikiwa mwaka wa pili chuo, mathe alinitumia karo ya semista. Alikuwa amekopa kwa chama. Sikulipa. Nilipeleka gari gereji nikamwambia fundi apandishe presha ya turbo. Akaniuliza, "Na mafuta je, kijana?" Nikamwambia hiyo tutaona mbele.

Siku tisa baadaye tulikuwa Southern Bypass usiku, wasee wawili nyuma wanarekodi. Injini ikaanza kunoki, sauti kama misumari kwa mkebe, halafu moshi. Pistoni ilikuwa imevunjika.

Hiyo klipu mnaijua. Mliicheka, mkaisambaza, na ndiyo iliniletea wafuasi wa kwanza. Nikawaambia niliacha chuo nifuate ndoto ya kutengeneza video. Uongo. Niliacha chuo juu karo iligeuka moshi kwa barabara. Mathe hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama niliumia. Hadi leo namrudishia polepole, na kwa chama alienda kuomba muda yeye mwenyewe.

Kwa hivyo nikiwaambia msianze na turbo, siwaringii. Anza na breki. Kisha upoaji, kisha mafuta, kisha mtu wa kuipanga. Nguvu iwe ya mwisho, na ukiipata uende nayo mahali barabara imefungwa kwa ajili hiyo. Bypass iko na mama anavuka na mtoto mgongoni. Sisi usiku ule hatukuwa na haki ya kuwa pale, na kama ningehitaji kusimama ghafla, breki zangu zilikuwa zile zile za kiwanda, zimezeeka.

Najua kuna mtu atasema ndoto haipangwi na bajeti. Lakini jiulize kwa nini 2JZ ndiyo inaheshimiwa hivyo. Toyota waliandika 280 na chini yake wakaweka chuma cha kubeba zaidi ya mara mbili ya hiyo. Hiyo akiba ndiyo mnaisifu bila kujua. Mimi nilifanya kinyume: niliandika namba kubwa juu ya gari haikuwa na kitu chini.

Ukiniandikia tena, usiniulize farasi ngapi. Niambie kwanza uko na breki gani, na pesa ya hiyo kazi imetoka wapi.